Sina Mali, Sina Deni: Tukiisikiliza Upya Albamu ya Sambolera ya Khadja Nin

Utangulizi

Siku hizi si jambo geni msanii kutoa albamu usiku wa manane bila tangazo lolote. Mnamo Desemba 2013 Beyoncé wa Marekani alifanya hivyo, na tangu hapo wengi wameifuata njia yake: mashabiki wanaamka asubuhi, wanafungua simu, wanakuta nyimbo zote zimekwisha pangwa zikiwasubiri. Wanafunzi wetu hulieleza jambo hilo kana kwamba ni uvumbuzi wa kizazi chao. Sisi tuliokulia Mutakura, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, huwa tunatabasamu tu. Katika miaka ya 1990 kila albamu kwetu ilikuwa ya ghafla. Hapakuwa na tarehe ya kutoka, hapakuwa na matangazo ukutani, mara nyingi hapakuwa hata na jalada. Muziki ulikuja kama mgeni wa usiku: unasikia hodi, ndipo unapojua kwamba kulikuwa na mtu njiani.

Makala haya yanamzungumzia mgeni mmoja wa aina hiyo, yaani albamu ya Sambolera ya Khadja Nin, iliyotoka mwaka 1996. Tunaandika tukiwa wapenzi wa msanii huyu kwa karibu miaka 30, na upendeleo huo hatuufichi. Lakini tunaandika pia tukiwa walimu wa Kiswahili, na mwalimu hana budi kueleza anachokipenda kwa sababu zinazoweza kupimwa na mwingine. Hoja yetu ni moja. Albamu ile ilitufikia wakati ambapo Kiswahili chetu tulikionea haya, ikatuonyesha kwamba kinaweza kubeba jambo zito na la ndani. Hata hivyo, tulipokuja kuwa walimu, sisi wenyewe tuliiacha nje ya mlango wa darasa. Tunadhani wakati umefika wa kuikaribisha ndani.

Msanii na wakati wake

Kwa faida ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tuanze na machache kuhusu msanii mwenyewe. Khadja Nin alizaliwa Burundi mwaka 1959. Akiwa bado kijana alikwenda Kinshasa, na baadaye, mnamo 1980, akahamia Ubelgiji. Huko ndiko alikokutana na mwanamuziki Nicolas Fiszman, ambaye alishirikiana naye katika kutunga na kuandaa nyimbo zake. Albamu yake iliyoitwa Ya Pili ilitoka mwaka 1994, Sambolera ikafuata mwaka 1996, na mwaka 1998 akatoa nyingine aliyoiita Ya..., ambayo wimbo wake wa Mama ulitengenezewa filamu fupi na mwigizaji mashuhuri wa Ufaransa, Jeanne Moreau. Ameimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, lakini Kiswahili ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya kazi iliyompa jina.

Mwaka 1996 wimbo wa Sambolera Mayi Son ulivuma sana Ufaransa na katika nchi jirani za Ulaya. Watu waliuimba bila kuelewa maneno yake. Katika mwaka huohuo, sisi wa Bujumbura tulikuwa katika hali nyingine kabisa. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 vilikuwa vimeigawa mitaa ya jiji. Tarehe 25 Julai 1996 serikali ilipinduliwa, na siku chache baadaye, tarehe 31 Julai, viongozi wa nchi jirani waliokutana Arusha waliamua kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, ambavyo havikuondolewa hadi Januari 1999. Petroli ikawa adimu, bei zikapanda, na bidhaa nyingi zikawa zinapita njia za panya. Ndiyo maana tunasema kwamba ujio wa kaseti ile ulikuwa wa ghafla. Wakati huo sabuni yenyewe haikuwa na uhakika wa kufika, sembuse nyimbo.

Kaseti ilivyofika Mutakura

Tulikuwa na umri wa miaka 13. Kaseti iliyotufikia ilikuwa imenakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo pengine ilinakiliwa kutoka nyingine tena. Ililetwa na msafiri kwa familia moja ya jirani, ikazunguka nyumba hadi nyumba, mwishowe ikatua katika duka la mzee mmoja aliyekuwa akiuza chumvi, mishumaa na ndagala wakavu. Mzee huyo alikuwa na redio kaseti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili mlango wake usifunguke. Haikuwa na jalada. Ndani ya kasha kulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari chenye majina ya nyimbo yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino, yakiwemo ya albamu mpya pamoja na nyimbo zake nyingine za miaka hiyo.

Inafaa tueleze mshangao wetu ulitoka wapi. Tulijua kwamba yupo mwanamke wa Burundi anayeimba Ulaya, na tulitarajia Kifaransa. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya shule na ya watu waliofanikiwa. Nyumbani tulisema Kirundi. Kiswahili kilikuwa lugha ya Buyenzi na Bwiza, ya soko, ya gereji na ya makondakta. Zaidi ya hayo, neno lenyewe "Mswahili" lilitumika mtaani kumaanisha mtu mjanja, mwenye maneno mengi na ukweli mchache. Wazazi wetu wengi walikijua vizuri, lakini walipotusikia tukikitumia ndani ya nyumba walituuliza kama tumeanza kuwa wahuni. Sasa hapa ilikuwa sauti ya mama, tulivu, isiyo na haraka, ikizungumza kwa lugha ileile tuliyokatazwa kuileta mezani. Haikuuza kitu wala haikumdanganya mtu. Hilo ndilo lililotufanya tusimame mbele ya duka tukiwa tumetumwa chumvi, tukachelewa kurudi, tukachapwa.

Jambo la pili lililotushangaza ni jina la wimbo mkuu. Palizuka ubishi dukani kuhusu Sambolera Mayi Son. Wapo waliosikia katika "mayi" neno la Kiswahili cha Kongo lenye maana ya maji. Wapo, hasa kaka zetu waliokuwa sekondari, waliosisitiza kwamba hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovikwa matamshi yetu, na kwamba mama anamwita mwanawe. Mzee mwenye duka hakuwa upande wowote. Alisema tu kwamba ukiona watu wanabishana juu ya neno, basi neno hilo lina watu. Leo, tukiwa tumesoma isimu kidogo, tunaona kwamba ubishi ule ulikuwa picha ya lugha ya jiji letu. Bujumbura ni njia panda. Neno linapofika hapa linaweza kuwa limetoka Kigoma, Uvira, Kinshasa au Ulaya, na msikilizaji analipokea kwa mlango ulio karibu naye.

Sina Mali, Sina Deni kama shairi la mshororo mmoja

Kwa kuwa majina yaliyoandikwa kwenye karatasi ile yalikuwa maandishi pekee tuliyokuwa nayo, tuliyasoma kama mtu anavyosoma barua. Mpaka leo tunaamini kwamba mhakiki anaweza kuanzia hapo. Tuchukue jina la Sina Mali, Sina Deni.

Wimbo huu ni toleo la Kiswahili la wimbo wa Stevie Wonder uitwao Free, uliomo katika albamu yake ya Characters ya mwaka 1987. Mwanafunzi wa tafsiri akipewa neno hilo la Kiingereza ataandika "huru" au "uhuru" mara moja, na hatutamkosoa. Lakini tufikirie neno "uhuru" lilikuwa limebeba nini katika eneo letu kufikia mwaka 1996. Lilikuwa neno la bendera, la gwaride, la hotuba za tarehe 1 Julai. Lilikuwa limechoka. Jina la Kiswahili halikulitumia neno hilo hata kidogo. Badala ya kuutaja uhuru, limeueleza kwa kutaja vitu viwili ambavyo mtu huru hana. Hii si tafsiri ya neno kwa neno. Ni uhamishaji wa fikra kutoka lugha moja hadi nyingine, na umefanywa kwa njia ambayo methali zetu hufanya kila siku.

Tutazame fani. Jina lina mizani nane: si-na-ma-li, si-na-de-ni. Mizani nane ni kipande kamili cha mshororo wa shairi la kimapokeo lenye mizani kumi na sita. Kipande hicho nacho kimegawanyika katikati, nne kwa nne. Kuna takriri ya "sina", kuna usambamba wa muundo, na nomino zote mbili zina silabi mbili na zinaishia kwa irabu moja. Mtu ambaye hajawahi kusikia habari za ukwapi na utao atalikariri jina hilo kwa kulisikia mara moja. Sisi tulilikariri hivyo, na hatukujua kwamba tulikuwa tumejifunza somo la kwanza la arudhi.

Tutazame pia mpangilio. Mali imetangulia, deni limefuata. Tujaribu kugeuza: "Sina deni, sina mali." Maana ya kila neno ni ileile, lakini sauti ya mzungumzaji imebadilika. Sasa ni malalamiko. Mtu anamalizia kwa umaskini wake. Katika mpangilio wa asili anaanza na umaskini na kumalizia na heshima yake. Anakiri kwanza kile ambacho watu wangemcheka nacho, halafu anasimama wima. Wanafunzi hutuuliza mara kwa mara kwa nini tunasisitiza mpangilio wa maneno wakati Kiswahili kinaruhusu kugeuza. Tunawajibu kwa mfano huu.

Mzee mwenye duka alikuwa na daftari la madeni lililokuwa juu ya kaunta, karibu kabisa na redio yake. Kila wimbo huo ulipopigwa, wateja walilitazama daftari wakacheka, na yeye alikuwa wa kwanza kucheka. Baadhi ya wadeni walifika wakiimba jina la wimbo kabla ya kukopa tena. Naye aliwajibu kwa methali: dawa ya deni ni kulipa.

Hata hivyo, kulikuwa na usikivu wa pili ambao haukuwa wa kuchekesha. Kwa watu wengi wa mitaa ya kaskazini, "sina mali" halikuwa wazo la kifalsafa. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, mabati yamechukuliwa, watu wamekimbia na mfuko mmoja. Na neno "deni" nalo lilikuwa na kivuli chake. Katika Kiswahili kisasi hulipwa. Lugha yenyewe inakihesabu kisasi kama deni. Katika jiji ambalo kila upande ulihesabu damu iliyokuwa ikidaiwa upande mwingine, kumsikia mtu akisema hana deni kulikuwa kumsikia mtu aliyejitoa katika hesabu hizo. Hatudai kwamba msanii alikusudia maana hiyo. Wimbo umetokana na ule wa Stevie Wonder na una habari zake. Tunasema kwamba lugha ya Kiswahili iliileta maana hiyo, na sisi tulikuwa mahali ambapo hatukuweza kuikwepa. Kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa mtunzi huingia katika nyumba ambazo hazijui.

Wale watu ni akina nani?

Karatasi ile ya daftari ilikuwa na jina jingine, Wale Watu, mojawapo ya nyimbo zake zilizojulikana katika miaka hiyo ya 1990. Tunalitaja kwa sababu ya sarufi.

Katika darasa la sintaksia tunafundisha kwamba kivumishi cha kuonyesha kwa kawaida hufuata nomino: watu wale, nyumba ile. Tunafundisha pia kwamba kinaweza kutangulia, na kinapotangulia huashiria mara nyingi kwamba kinachotajwa kimekwisha julikana na wazungumzaji wote wawili. Ukisema "watu wale" unanyoosha kidole. Ukisema "wale watu" huhitaji kunyoosha kidole, kwa kuwa mwenzako anajua tayari unamsema nani.

Msomaji atakayekumbuka Bujumbura ya wakati ule hatahitaji maelezo marefu. "Wale" lilikuwa neno zito. Kila mtaa ulikuwa na "wale" wake, na ulijifunza mapema kutouliza ni akina nani. Mutakura ilikuwa imepoteza majirani wake wengi, na waliobaki waliwataja walioondoka kwa neno hilo moja, kwa sauti ya chini, bila majina. Sisi watoto tulikuwa tumecheza nao mpira wa matambara miaka mitatu tu iliyopita. Tulipoona neno hilo limeandikwa kama jina la wimbo, kwa wino wa buluu, mbele ya macho ya kila mteja, tulishtuka. Tena tunarudia: hatudai kwamba wimbo ulituhusu. Lakini baada ya hapo hatukuweza tena kusikia "wale" likitamkwa bila kujiuliza nomino inayofuata ina majina gani ndani yake. Mwalimu wetu wa kwanza wa vivumishi vya kuonyesha alikuwa kaseti, na funzo lake tunalitumia hadi leo.

Kasoro

Uhakiki usio na lawama ni sifa za arusini. Zipo kasoro katika Sambolera ambazo hata shabiki wa muda mrefu anapaswa kuzikubali.

Kasoro ya kwanza ni usafi wake. Muziki umepigwa pasi hadi haubaki mkunjo. Mpangilio wa vyombo ni wa studio ya Ulaya ya miaka ya 1990, umewalenga wasikilizaji wa Ulaya, na mahali pengine kinanda kinalainisha kile ambacho kingepaswa kukwaruza. Wapenzi wa rumba wa mtaani kwetu walilalamika tangu siku ya kwanza kwamba hakuna sebene, hakuna mahali ambapo gitaa linaachiwa likimbie na miguu ilifuate. Tuliwajibu wakati ule kwa ghadhabu za kitoto. Leo tunakubali kwamba walikuwa na hoja. Tukilinganisha na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefanya kazi yake Tanzania, ambaye naye alirekodi Ulaya albamu ya Songs for the Poor Man mwaka 1989, tunaona tofauti. Remmy aliingia studio ya Wazungu akiwa na bendi yake na vumbi la Sinza viatuni. Katika Sambolera vumbi limefutwa mlangoni.

Kasoro ya pili ni umbali. Wapo waliouliza, na swali lao halikuwa la kijicho tu: anayeimba akiwa Ubelgiji anajua nini juu ya foleni yetu ya petroli? Ni kweli kwamba mtu akitafuta katika albamu hii Bujumbura ya 1996 yenye majina ya mitaa na tarehe hataipata. Tunachoweza kusema kwa upande wa utetezi ni kwamba umbali una faida yake. Aliyekuwa ndani ya jiji wakati huo hakuweza kufungua kinywa bila kuulizwa ni wa upande gani. Kiswahili, kwa sababu hakikuwa lugha ya upande wowote katika mgogoro ule, na sauti iliyotoka mbali, kwa sababu haikuwa na mtaa, vilipata ruhusa ya kuingia katika nyumba zote. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba kaseti hiyohiyo ilipigwa pia ng'ambo ya pili, mitaa ambayo hatukuthubutu kuikanyaga.

Mfano wa aina hii si mgeni katika historia ya Kiswahili. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, na sauti ya mwanamke aliyetoka katika tabaka la watu waliodharauliwa ikarudi nyumbani ndani ya santuri, ikiwa na heshima ambayo isingepewa kama ingebaki uani. Shaaban Robert aliona kwamba maisha yake yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Tunalitaja hilo kwa wale wanaodhani kwamba kumwandikia mwanamuziki ni kazi ya magazeti ya udaku. Mwandishi tunayemheshimu kuliko wote alilifanya kabla yetu.

Kiswahili cha nani?

Sasa tufike kwenye jambo linaloihusu zaidi idara yetu, ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Tulipokwenda kusomea shahada ya uzamili katika nchi jirani, jioni ya kwanza wenzetu walitukaribisha chakula. Tukawashukuru, tukasema tumekwisha "kura". Wakatuuliza kura gani, na uchaguzi ni lini. Kicheko kilidumu muhula mzima. Msomaji wa Bujumbura anaelewa kosa letu: Kirundi hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, na ulimi wetu ulikuwa umezoea hivyo. Tulirudi nyumbani tukiwa na shahada na ulimi ulionyooshwa, na tukiwa pia na jambo baya ambalo hatukuligundua mapema: tulianza kuwacheka wanafunzi wetu kama tulivyochekwa. Tulipigia mstari mwekundu kila "mwarimu" na kila "rakini". Tulipopendekeza nyimbo za kuhakikiwa darasani tulichagua za Unguja, za Dar es Salaam na za Mombasa. Albamu iliyotufanya tukipende Kiswahili tuliiacha nyumbani ndani ya sanduku.

Hakuna aliyetukataza. Ni sisi wenyewe tuliodhani kwamba Kiswahili cha Khadja Nin, kwa kuwa si cha Unguja wala cha taarifa ya habari, kingewapotosha wanafunzi. Mnamo Mei 2018 alikuwa mjumbe wa jopo la majaji wa Tamasha la Filamu la Cannes lililoongozwa na Cate Blanchett, na wanafunzi wakamwona katika picha. Mmoja akatuuliza darasani: "Mwalimu, kumbe kuna Mrundi aliyeimba Kiswahili hivi kabla ya Kidum? Mbona hamkutuambia?" Hatukuwa na jibu zuri.

Usanifishaji una kazi yake, nasi hatuupigi vita. Tangu mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ikitumia Kiunguja kama msingi, eneo letu limepata lugha moja ya vitabu, na mtoto wa Mutakura anayesoma Kiswahili shuleni leo ana haki ya kuifahamu kikamilifu. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na mhitimu wetu akienda kutafuta kazi Arusha hataulizwa habari za kaseti. Lakini usanifu ni kiatu cha kutokea, si mguu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba Kiswahili kilicho kinywani mwake ni makosa matupu ataandika insha safi zisizosema lolote. Tunazisahihisha kila muhula. Hazina kosa la upatanisho, wala hazina mtu ndani yake.

Kwa hiyo mwaka uliopita tulifanya jaribio dogo. Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili jina la Sina Mali, Sina Deni na kuwaomba waeleze uhuru kwa mizani nane, bila kutumia neno "uhuru" wala "huru". Tuliwaruhusu kutumia Kiswahili cha mtaani kwao. Msichana mmoja wa Buterere aliandika: "Nikirara naamuka." Tulinyanyua kalamu nyekundu, tukaitua. Tukahesabu mizani: ni-ki-ra-ra, na-a-mu-ka. Nane kamili, nne kwa nne. Darasa halikucheka, mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma, anayesoma huku akilea wajukuu, alisema polepole kwamba katika mwaka 1995 huo ndio ulikuwa uhuru wote waliouomba. Tuliandika sentensi hiyo ubaoni kama ilivyo. Chini yake tukaandika "Nikilala naamka", tukaeleza tofauti ya sauti, na tukaziacha zote mbili mpaka kipindi kikaisha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Sambolera ni kazi inayostahili kuhakikiwa na wanafunzi wa Kiswahili wa Burundi, pamoja na kasoro zake za usafi uliozidi na umbali. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, albamu hii iingizwe katika orodha ya matini za somo la fasihi simulizi na muziki, sambamba na kazi za Siti binti Saad na Remmy Ongala. Pili, katika somo la tafsiri, jina la Sina Mali, Sina Deni litumike kama mfano wa kuhamisha fikra badala ya maneno. Tatu, wasomaji wenye kaseti za miaka hiyo, hata zilizokatika utepe, wasizitupe. Wazilete idarani pamoja na karatasi za majina zilizoandikwa kwa mkono, kwa kuwa karatasi hizo nazo ni kumbukumbu za lugha yetu.

Ya kwetu tunayo bado. Mzee mwenye duka alitupa alipokuwa akifunga biashara yake, baada ya kuturuhusu tuangalie katika daftari lake kama familia yetu ina deni. Ilikuwa nalo, la mishumaa miwili na chumvi. Tulilipa.